Mahali Pasipo Miti

Mahindi ya wiki tano hufika magotini, na yakipata mvua nzuri huanza kutafuta kiuno. Mahindi ya Émérence yalikuwa yameishia kwenye kifundo cha mguu. Kuchipuka yalichipuka vizuri, hilo lazima lisemwe: mistari arobaini, yote kwa siku moja, mche karibu na mche. Kisha yakasimama. Majani yakapauka, yakawa manjano katikati ya mishipa, ncha zikakauka kama karatasi. Mvua ilinyesha, jua likawaka, magugu yakaota hata juu ya paa la kibanda chao cha nyasi, na mahindi yakabaki pale pale kama watu waliopanga foleni mbele ya dirisha la mshahara.

Mumewe Athanase alikuwa amepiga magoti kwenye mstari wa tatu, rula ya chuma mkononi.

"Kumi na nane," alisema. "Jumapili, siku ya Mungu, ilikuwa kumi na saba na nusu. Donc, basi inaota."

Émérence aliinama akang'oa mche mmoja. Mizizi yake ilikuwa mifupi, minene, ya rangi ya kahawia, haikuwa imeingia ardhini hata urefu wa kidole.

"Baba Danielle, angalia mizizi."

"Kama unaing'ola, itaota namna gani?"

"Angalia kwanza."

Hakuangalia. Aliandika namba yake kwenye kijitabu kidogo, akainuka, akajipangusa magoti ya ovaroli la bluu. Kwa miaka ishirini na miwili Athanase alikuwa ajusteur katika karakana za kampuni ya shaba pale Likasi, mtu wa kuchonga chuma mpaka kipite mahali ambapo unywele haupiti, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuona kazi iliyopimwa vizuri ikakataa kufanya kazi. Sasa karakana ilikuwa ikifunguliwa siku moja kwa wiki ili mtu afagie vumbi. Unga ambao kampuni ilikuwa ikigawa kila mwezi ulikuwa umebaki hadithi ya kuwasimulia watoto.

"Siku ya kwanza ya juma tutapanda mbegu zenye zilibakia," alisema. "Katikati ya mistari. Mvua itakuwa mingi. Zile za kwanza zilikosa mayi."

Mbegu zilizobaki zilikuwa meka mbili, yaani makopo mawili ya kupimia ya sokoni, na hapo ndipo roho ya Émérence ilipokuwa imening'inia. Mwezi wa Septemba alikuwa ametoa cherehani yake, aliyopewa na mama yake siku ya ndoa, akapata kwa mfanyabiashara mmoja gunia la unga na meka nne za mbegu. Gunia lilikwisha kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Meka mbili ndizo hizi zilizosimama kwenye foleni. Mbili za mwisho zilikuwa kwenye kopo la maziwa ndani ya kibanda, zimepakwa ile dawa nyekundu ya kuzuia wadudu, kwa hiyo hata kuzila haikuwezekana. Ilikuwa ama zipate udongo unaozifaa kabla ya Noeli, ama familia iingie kiangazi bila kitu. Watoto wao wadogo wawili walikuwa mjini kwa shangazi yao, na shangazi alikuwa ameanza kuuliza, kwa upole wa kutisha, shamba linaendeleaje.

*

Walifika kijijini kwa shefu Banza mwezi wa kumi, kijiji kilicho njiani kabla ya Kapolowe, mahali ambapo nyaya za umeme kutoka bwawa la Koni hupita juu ya nyumba ambazo hazijawahi kuwasha taa. Shefu aliwaambia wazunguke, waone, wachague. Huko kila mtu alikuwa akikata miti tangu Juni. Wenyeji walikuwa wamechoma matawi, wameweka majivu tayari, viganja vimekuwa vigumu kama gome. Athanase alikuwa na bega bovu na shoka la kuazima. Walitembea msituni asubuhi nzima, mti baada ya mti, mpaka ghafla msitu ukafunguka mbele yao: uwanja mpana, mtupu, wenye majani mafupi laini yaliyotoka kuota baada ya moto wa kiangazi. Hapakuwa na kisiki hata kimoja.

Ni Émérence aliyenyoosha kidole. Athanase alikuja kupima baadaye, lakini kidole kilikuwa chake. Alisema kwa sauti, mbele ya watu wa kijiji waliowasindikiza, kwamba Mungu alikuwa amewawekea mahali pao, na akapiga ishara ya msalaba. Wale watu walitazamana. Yeye alidhani wanamwonea wivu.

"Umeona muzuri?" shefu alimuuliza Athanase waliporudi.

"Parfaitement, chef," alijibu Athanase, yaani barabara kabisa. "Terrain propre, mahali safi."

Shefu alitikisa kichwa, akasema sawa.

*

Usiku wa Ijumaa mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Jumamosi asubuhi Émérence alichukua jembe, akaenda kupalilia shamba la mama Mwansa, mjane aliyekuwa akiwapa majani ya maboga na unga kidogo kwa kazi ya nusu siku. Athanase hakuipenda kazi hiyo ya mkewe. Hakuipinga pia, kwa sababu unga huo alikuwa akiula.

Shamba la mama Mwansa lilikuwa ng'ambo ya njia, hatua mia tatu tu kutoka kwao. Alipanda wiki ile ile waliyopanda wao. Mahindi yake yalikuwa yanamfika Émérence kifuani, ya kijani kilichoiva mpaka cheusi, na ukipita katikati yalikugusa mikono kama yanakusalimia. Kila mara alipoingia mle Émérence alipatwa na kitu ambacho hakuwahi kukikiri hata kwa padri: alitamani yanyauke.

Wanawake wanne walikuwa wamekwisha kuanza kupalilia. Mmoja wao, aliyefunga mtoto mgongoni, alimwangalia akacheka.

"Mama wa mukuba, leo umechoka kuchimba?"

Wengine wakacheka pia. Mukuba ni shaba kwa lugha ya pale. Émérence alijua watu wa kampuni huitwa hivyo kijijini, akajikaza.

"Hatuchimbe. Siye tunapalilia tu."

Hapo walicheka mpaka mmoja akaegemea jembe. Mama Mwansa peke yake hakucheka. Alimshika Émérence mkono, akampeleka kando, kwenye kivuli cha mti aliouacha katikati ya shamba.

"Muloko yangu," alisema, kama anayemwita mdogo wake, "nitakuuliza kitu, usikasirike. Ile majiwe, mulishapata?"

"Majiwe gani?"

"Ile yenye munatafuta kule chini."

"Mama Mwansa, siye tunatafuta mahindi."

Mwanamke yule aliweka jembe chini. "Kweli ya Mungu?"

"Kweli ya Mungu."

"Kule hakuna muti," mama Mwansa alisema polepole, kama mtu anayemwelekeza mtoto njia. "Ata musuku hauotake kule, na musuku unaotaka ata juu ya majiwe. Hamukuona?"

"Tuliona. Njo maana tulipapenda."

Mama Mwansa alikaa chini kabisa, kwenye udongo wenye maji, akaweka mkono kinywani. Émérence hakujua kama anacheka au anasikitika, na pengine mama Mwansa mwenyewe hakujua.

"Ile udongo iko na mukuba," alisema hatimaye. "Tangu bankambo, tangu babu zetu. Muti ukianguka pale, mbegu yake inafia mule mule. Majani mafupi tu njo yanawezaka, na yale maua ya bluu yenye kutokaka kama mvua inaenda kuisha. Bazungu ya zamani balikuwa banafwata ile maua. Fasi banaiona, banapiga kambi, banachimba. Batoto ya huku bote banajua."

"Siye tulikuya mwezi wa kumi. Maua haikuwa."

"Haikuwa. Mungengoya, mungeiona."

"Na hakuna muntu moja alituambia?"

"Kuambia nani?" Mama Mwansa alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Bwana yako ni muntu ya mukuba. Alikuya na nguo ya kazi, na kamba, na ile chuma ya kupimia. Akaruka udongo yote ya muzuri, akaenda kusimama sawasawa juu ya mukuba. Tukasema: hawa banajua. Banapanda mahindi juu ya kudanganya bajandarme, bale baaskari benye kukatazaka kuchimba, na chini banatafuta majiwe. Na ile mistari, vile ilikuwa sawa! Tukasema, uyu baba eko na mayele."

Wiki tano nzima kijiji kizima kilikuwa kikiwaheshimu kwa werevu ambao hawakuwa nao. Aliona tena kidole chake mwenyewe kimenyooka, akasikia tena ile shukrani yake kwa Mungu, na uso ukamwaka kana kwamba amepigwa kofi hadharani.

"Mbegu zingine ziko," alisema. "Meka mbili. Zinaweza kuota fasi ingine, sasa?"

Mama Mwansa aliinua uso. Aliangalia mawingu, kisha akaangalia mahindi yake, kama mtu anayehesabu miezi ya mimba. "Mpaka Noeli, ndiyo. Nyuma ya Noeli, itabeba mimba na mvua itaikimbia." Akaelekeza kidevu upande wa msitu. "Iko fasi ya marehemu bwana yangu, kando ya kichuguu kikubwa. Tulipumuzisha myaka tano, miti ilirudia midogo tu, ile tulisha kukata mwezi wa nane. Batoto yangu habakukuya kulima. Lakini udongo ni ya shefu. Enda sasa, mbele hajaenda kwa pombe."

*

Mkono mtupu haulambwi, na kwa shefu ndio kabisa. Émérence hakuwa na kuku wala chumvi. Alikuwa na vitenge viwili mwilini, kimoja juu ya kingine, kama wanawake wote. Alivua cha juu, kile cha chama cha akina mama wa parokia chenye picha ya Bikira Maria, akakikunja vizuri mara nne njiani.

Shefu Banza alikuwa ameketi mbele ya nyumba akiziba mpira wa baiskeli. Mkewe alipokea kitenge, akakifungua, akakiinua kwenye mwanga aone kimechakaa kiasi gani. Alikitazama muda mrefu. Émérence alisimama pale na kitenge kimoja kiunoni, akitazama kuku wakichakura, akihesabu moyoni watakatifu wote anaowajua.

Aliposimulia, shefu aliacha kuziba mpira.

"Mahindi," alisema.

"Ndiyo, shefu."

"Wiki tano minye nangoya. Kila wiki nasema, leo bataniletea ata kipande ya jiwe ya kunionyesha. Naambia bibi, hawa bantu ya kampuni banyimi." Alikuwa na hasira, na ilikuwa hasira ya mtu aliyekwisha kuitumia ile mali kichwani. "Minye nilimuuliza bwana yako: umeona muzuri? Akanijibu parfaitement. Muntu akisema parfaitement, weye utaongeza nini?"

"Ni minye nilionyesha fasi ile, shefu. Makosa ni yangu."

"Weye ulionyesha. Yeye njo alijibu." Akachukua tena mpira wake. "Ile fasi ya marehemu ninaijua. Ni udongo ya muzuri. Bwana yako akuye yeye mwenyewe aniombe. Leo, ao asikuye tena."

Mkewe shefu alikuwa amekwisha kukiweka kitenge begani. Émérence alipiga makofi ya heshima mara mbili, akaondoka akitembea haraka, karibu akimbie.

*

Saa nane alifika shambani, na kabla hajafika alimwona Athanase akitabasamu. Mwezi mzima hakuwa amemwona akitabasamu. Alikuwa amesimama mwisho wa uwanja, kamba imezungushwa begani, na binti yao Danielle pembeni yake, amenyoosha viganja mbele ili mama avione: vilikuwa vyekundu mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Papa alisema tukufanyie surprise," alisema Danielle. "Mvua ilinyesha muzuri, udongo ni laini. Tumeisha kupanda yote, mama."

"Yote?"

Danielle aliinamisha kopo la maziwa. Chini kulikuwa na mbegu za kujaza kiganja kimoja.

Émérence alikaa chini. Kisha akasema yote, kwa mpangilio, bila kupaza sauti: mukuba, miti, maua, bajandarme, mayele. Alipofika kwenye kijiji kilichodhani wanatafuta mawe, tabasamu la Athanase lilikuwa limekwisha kuondoka na kuacha uso wa mzee.

"Hapana," alisema. "Shaba haina sumu. Minye nimeikamata na mikono hii myaka makumi mbili na mbili. Nimepumua vumbi yake. Nimekulia mukate juu yake. Niko mugonjwa?"

"Weye hauko mahindi."

Danielle aligeuka upande mwingine upesi, kuficha kicheko.

"Ni shaba njo ilitulisha!" Sauti ya Athanase ilipasuka. "Nyumba, masomo ya batoto, ile cherehani kama iliharibika nani aliitengeneza, na feza ya nani? Leo banakuambia inaua, na weye unaitika. Nani alichagua apa? Ni minye?"

Hilo ndilo neno ambalo Émérence alikuwa akilisubiri tangu asubuhi, na lilipofika halikumuuma kama alivyoogopa.

"Ni minye," alisema Émérence. "Kidole ilikuwa yangu. Nilimushukuru Mungu mbele ya bantu, na Mungu hakuwa amesema kitu. Weye ulipima tu. Nikatae namna gani? Lakini ile mbegu ni mashini ya mama yangu, baba Danielle. Sitaiacha ioze apa juu ya haya yetu."

Alikwenda kwa magoti mpaka mwanzo wa mstari wa kwanza, akaingiza vidole udongoni. Alichimbua, akachimbua tena, akapata mbegu mbili nyekundu, zimeanza kuvimba kwa maji. Akaziweka kwenye kopo. Zikalia kidogo kwenye bati. Akasogea mbele, akachimba, hakupata kitu, akachimba kando, hakupata. Danielle akapiga magoti kwenye mstari wa pili.

Athanase alisimama. Alisimama muda ambao mvua ndogo ingeweza kuanza na kwisha. Aliwaona wakipapasa ovyo, wakichimba mahali ambapo hapakuwa na kitu na kuruka mahali palipokuwa nacho, na kila walipokosea alikunja uso kama mtu anayesikia mashine ikisagana meno. Hatimaye hakuweza kuvumilia.

"Si apo," alisema. "Sentimetre makumi tano. Kutoka ile shimo ya kwanza, makumi tano, droit, sawasawa."

Akaifungua kamba begani, akaivuta juu ya mstari, akapiga magoti ng'ambo ya mkewe, akaweka rula chini. Pale alipoweka kidole, mbegu zilikuwapo.

Walifanya kazi hivyo watatu, na baadaye wakawa wanane, kwa sababu mama Mwansa alikuja na wale wanawake wa asubuhi. Walikuja wakiwa na majembe, wakidhani kuna kulima. Walipoona mwanaume mzima wa kampuni akitoa mbegu ardhini moja moja na kuzifuta kwa kidole gumba, waliweka majembe chini wakapiga magoti. Yule wa mtoto mgongoni alifungua kinywa aseme jambo, mama Mwansa akamtazama, akakifunga. Athanase alikuwa akiwahamishia kamba kutoka mstari hadi mstari, bila kuinua macho. Masikio yake yalikuwa yameiva kwa aibu. Émérence aliyaona, akamhurumia mpaka ikamchoma, na hakusema neno la kumfariji kwa sababu alijua Athanase angevunjika.

Saa kumi na moja walikuwa wamezitoa karibu zote. Nyingine zilipasuka, nyingine ziliingia matopeni moja kwa moja. Kopo lilijaa, zilizobaki wakazifunga kwenye kitambaa cha kichwa cha Danielle.

"Mbegu imeisha kunywa mayi," mama Mwansa alisema. "Haitangoya siku mbili."

Athanase aliuosha mkono mmoja kwa mwingine kwenye dimbwi. Wekundu haukutoka.

"Twende kwa shefu," alisema.

*

Shefu Banza hakuwaharakisha. Alimaliza kurudisha gurudumu mahali pake, akalizungusha, akasikiliza. Athanase alisimama mbele yake na ovaroli lenye matope mpaka mapajani. Émérence alikaa nyuma kidogo, kama mke anavyokaa wanaume wanapozungumza, kopo mapajani na kitambaa kifuani.

"Umekuya," alisema shefu.

"Nimekuya, shefu."

"Kufanya nini?"

Athanase alifungua kinywa. Émérence aliliona lile neno la Kifaransa likipanda kooni mwake, moja ya yale maneno yaliyopigwa pasi ambayo mumewe aliyatumia kwa mainjinia na kwa mapadri, na kwa Émérence mwenyewe siku za ugomvi. Lilifika kwenye meno. Kisha likarudi.

"Minye sijue, shefu," alisema Athanase.

"Haujue nini?"

"Udongo. Sijue kuiangalia. Niliona fasi haina miti, nikasema ni propre. Sikuuliza juu ya nini haina miti." Aliitazama mikono yake myekundu. "Nilikuwa naona haya ya kuuliza."

Miaka kumi na tisa ya ndoa, na Émérence hakuwahi kulisikia neno sijue kutoka kinywani mwa mtu huyu, si juu ya pampu, si juu ya serikali, wala siku ile mtoto wao wa pili alipokufa na yeye akakesha akimweleza daktari jinsi homa inavyofanya kazi. Machozi yalimtoka bila ruhusa. Hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshika mbegu.

Shefu alimtazama Athanase kutoka viatuni hadi kichwani, taratibu, kama mkewe alivyokitazama kitenge.

"Sasa njo naweza kukupatia," alisema. "Muntu mwenye kujua yote, utamupatia nini?"

Émérence alifungua kitambaa, akakinyoosha mbele ili shefu aone. Mbegu zilikuwa zimenenepa, dawa imeanza kuzitoka, na moja au mbili zilikuwa na kinundu cheupe upande mmoja. "Hazitangoya, shefu. Kesho ni siku ya Mungu."

Shefu aliinama, akaigusa moja kwa ncha ya kidole. Akaangalia jua, lililokuwa bado juu ya miti. Alimwita mkewe amletee jembe lake, akalitupa begani, akaanza kutembea bila kuwaambia wamfuate. Walimfuata: Athanase mbele, Émérence nyuma yake, kisha Danielle na mama Mwansa waliokuwa wakisubiri njiani.

Msitu ulikuwa umelowa na kunuka uyoga. Athanase alitembea ameinua kichwa, akijikwaa kwenye mizizi, maana hakuwa akitazama chini. Mara mbili Émérence alimshika kiwiko asianguke.

"Shefu," alisema ghafla. "Uu muti, banauitaka namna gani?"

Shefu hakugeuka. "Muputu. Fasi unaona muputu munene, unaweza kulima."

"Muputu," alirudia Athanase kwa sauti ya chini, kama mtoto wa katekisimu. Alipita, akauwekea mkono kwenye gome, akahesabu hatua kumi hivi. "Na uu?"

"Ule ni musuku. Kula matunda yake. Usipande chini yake."

"Musuku."

Mbele yao kichuguu kikubwa kilianza kuonekana, kirefu kuliko nyumba, na miguuni pake udongo mweusi ulioachwa wazi, ukisubiri. Émérence alikuwa na njaa na alikuwa na kitenge kimoja, na hakujua kama mbegu zilizokwisha kung'olewa mara moja zingekubali kulala tena ardhini. Alizikumbatia tu, akatembea haraka ili asiachwe nyuma, na mbele yake alimsikia mumewe akiuliza tena.

"Na uu?"